Fidla ya Mzee Kasongo

Nakumbuka siku moja mwaka 2016, huku mtaani kwetu Troyeville, Mzee Kasongo, fundi cherehani wa kanisani kwetu, aliniuliza, "Umeisikiliza?"

Sikia, mdogo wangu, nilikuwa mwaka wa pili chuoni na nilibishana na kila kitu, hata mahubiri. Mzee alitaka kumwazima dada yangu Neema fidla yake ya Kifaransa, yenye umri mkubwa kuliko babu yetu, aende nayo kwenye mtihani wa kuingia shule ya muziki. Nafasi ilikuwa moja tu. Mimi nikamulika ndani yake kwa tochi ya simu, nikaona karatasi iliyobandikwa yenye jina la fundi mkubwa wa Italia. Nikatangaza mbele ya kwaya nzima, "Hii ni feki! Neema atapiga ile fidla mpya tuliyoazima kule Midrand."

Hapo ndipo Mzee aliponiuliza swali lake. Kisha akaongeza, "Eish, mwanangu! Na mchumba utamchagua kwa kusoma kitambulisho?" Kwaya ikaangua kicheko.

Akaniketisha benchi la mwisho, uso ukutani. Neema akapiga wimbo mmoja kwa fidla zote mbili, bila kunitajia ipi ni ipi. Nje teksi zilikuwa zinapiga honi. Fidla moja ilipaza sauti kali iliyofia katikati ya ukumbi. Ya pili, uzi wake wa chini ulikuwa mzito na wenye joto, na hata upinde ulipoigusa kidogo tu, sauti ilinifikia nzima. Nikachagua hiyo. Wakarudia mara tatu wakibadilisha zamu, na mara zote nikachagua ileile. Nilipogeuka, Neema alikuwa ameshika ya Mzee, vanishi yake ya kahawia imelika palipopita mikono ya watu.

"Haya, msomi, nani feki?" Neema akaniuliza.

Alikwenda nayo, na nafasi akaipata! Tulimpokea kwa vigelegele hadi majirani wakatoka nje, na aliyepiga kelele kuliko wote ni mimi.

Hoji, mdogo wangu, mimi bado nahoji. Lakini kitu kilichotengenezwa kisikike, kisikilize kabla hujakihukumu, na ukikosea mbele za watu, kiri mbele ya haohao. Mungu akupe masikio mepesi kuliko ulimi.

Juzi tu nimesoma kwamba katika karakana za Ufaransa zilizotengeneza fidla kama ile, karatasi ilitaja fundi ambaye umbo la fidla zake liliigwa, si waliozitengeneza. Mmoja alichonga kichwa cha fidla, mwingine alikunja mbavu zake, na mara nyingi wanawake ndio waliopaka vanishi. Wao hawakuandikwa popote.