Karani na Safari ya Mwezini

Mwantum, mkunga aliyetoka Kondoa kuja Dodoma kumweleza daktari Mjerumani mambo ya uzazi, alimjua karani wa daktari huyo kwa kikohozi chake. Karani ndiye aliyegeuza maneno yake kwa Kijerumani na kunakili mswada wa kupelekwa kwenye jarida la madaktari Ulaya. Akisikia "tumbo" hukohoa kidogo. Akisikia "nyonga" huvua kofia na kuipangusa vumbi lisilokuwepo. Mwandiko wake ulisimama wima kama askari kwenye gwaride, ila Mwantum alipotaja jambo la ndani zaidi, kalamu ilichovywa winoni mara kwa mara bila kuandika kitu.

Asubuhi ya kutuma mswada, garimoshi likisubiri stesheni, daktari alisoma ukurasa wa mwisho akakuna ndevu. "Bibi, hapa pameandikwa kwamba mwanamke mwenye afya huingia ndani ya mwezi, ule wa angani. Anapandia wapi?"

Karani alitazama dari.

"Mimi nilisema huingia mwezini, bwana daktari," alijibu Mwantum. "Njia muulize karani. Wake zake wawili wakiingia kwa pamoja, yeye hulala barazani."

Karani alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaufuta mstari ule, akaandika "damu" kwa Kijerumani, kwa herufi ndogo kuliko zote, na kwa haya akaifunika upesi kwa kiganja. Wino ulikuwa bado mbichi. Siku ile nzima aliamkia watu kwa mdomo tu, mkono kauficha mfukoni.