Leso Niliyoivaa Kiangazi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni siku moja ya mwezi wa kwanza nilipotoka nyumbani nimependeza kupita kiasi. Nilikuwa mke kijana, sijamaliza hata miaka mitano kwenye ndoa. Kiuno kipo, miguu ipo, na ulimi, ah, ulimi ulikuwa mrefu kuliko huu wa leo. Nacheka sasa, lakini jioni ya siku hiyo sikucheka. Kaa kidogo nikueleze.

Mimi naitwa Nafula. Kwetu Usamia msichana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Nafula, na wa wakati wa mavuno huitwa Nekesa. Nimeolewa hapa Buhehe, na kazi yangu ilikuwa kuuza leso. Kila asubuhi mume wangu Wandera alinipakia kwenye baiskeli yake ya boda mpaka Busia. Navuka upande wa Kenya, nachukua mali madukani, narudi nayo sokoni upande wetu. Wateja wangu wengi hawakuweza kusoma yale maandishi. Kiswahili chetu cha mpakani ni cha mdomo, cha kuuliza bei na kukataa bei. Basi mama anashika leso, ananiuliza, "Hii nasema nini?" Namsomea, anacheka, ananunua. Wale wa kijijini kwangu walijifunza maneno ya leso kutoka kinywani mwangu mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hakunielewa nilipovaa yangu.

Na wewe unajua maneno ya leso hukaa wapi ukiivaa. Yanakaa nyuma, chini ya kiuno. Anayeyasoma ni yule uliyempa mgongo.

Jirani yangu wakati huo, na mpaka leo, ni Achieng, mwana wa Wajapadhola kutoka Tororo. Mumewe alikuwa kibarua huko vilima vya Osukuru, akirudi Jumamosi tu, kwa hiyo siku nyingine zote nyumba ilikuwa yake na binti yake mchanga, Awor. Mtu mpole sana Achieng. Lakini kuku wake, Mungu wangu, kuku wake hawakuwa na upole hata wa dawa! Nikianika mtama wangu uani, wanakuja wote, mama na wana, wanakula kama walioalikwa harusini. Nikamwambia mara ya kwanza. Nikamwambia mara ya pili. Mara ya tatu walikuwa wamemaliza pembe nzima ya turubai, nikaenda kwake nimeshika mikono kiunoni. Akatabasamu, akaniambia, "Dada, hii kuku mimi nasema nayo kila siku. Haisikii."

Kile kitabasamu kilinichoma. Nikaona ananicheka.

Kesho yake sokoni nikafungua robota langu nikachagua leso moja nyekundu yenye maua meupe, imeandikwa: MLANGO WANGU SI NJIA YAKO. Nikaikata kwenye jozi yake, nikajifunga. Mwanangu, nilipita mbele ya uwanja wa Achieng siku hiyo mara ambazo hata sina haja ya kupita. Nachota maji, napita. Natafuta kuni, napita, na kuni ninazo jikoni. Nikifua leso yenyewe, naianika kwenye kamba upande wa nyumba yake, maneno yanatazama mlango wake sawasawa. Achieng alisoma shule kidogo, tena leso nyingine alishanunua kwangu. Akaacha kutabasamu. Akawafungia kuku wake. Akaacha kuja kwangu kuomba moto. Nami nikajiona nimeshinda, nikala ugali wangu kwa raha.

Sasa sikiliza habari ya mvua, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Zamani mwezi wa kwanza hapa kwetu ulikuwa mkavu kabisa. Ndiyo miezi ya kufyatua matofali. Wandera na ndugu zake walichimba shimo kubwa kati ya nyumba yetu na ya Achieng, wakafyatua matofali ya nyumba hii hii unayoiona. Mwaka ule, matofali yakiwa bado mabichi, mvua ikashuka. Mvua ya mwezi wa kwanza! Ikanyesha siku nne mfululizo, kisha jua likarudi kali kuliko kabla. Shimo likajaa maji, maji yakakaa. Hakuna aliyejali. Homa tuliijua na miezi yake: inakuja na palizi, inaondoka na kiangazi. Chandarua nilikuwa nacho kimoja, nilikuwa nimekikunja sandukuni nikisubiri mvua kubwa. Jioni mbu wakalia masikioni tukashangaa tu, tukawapiga kofi, tukalala.

Siku ile sasa. Nilitoka asubuhi na leso yangu nyekundu, nikauza vizuri, nikarudi mapema jua bado liko juu. Wandera alikuwa uani ameipindua baiskeli anabandika kiraka kwenye tyubu. Alinishusha Busia asubuhi akarudi, na alikuwa hapo tangu wakati huo. Kabla sijatua mzigo, mama mkwe akaingia anahema. Nyumba yake iko kule kwenye njia kuu.

"Achieng amepita kwangu na mtoto mgongoni," akasema. "Anakwenda hospitali kwa miguu. Mtoto amelegea, shingo haishiki. Nimemuuliza, baiskeli ya Wandera iko wapi? Hakunijibu. Wandera, hukuwepo?"

"Nipo hapa tangu asubuhi, Mama," Wandera akasema. "Nilimwona amesimama pale uani kwake, anatazama huku. Nikamsalimia. Akageuka akaingia ndani."

Mama mkwe akanitazama. Akazunguka nyuma yangu polepole, akayatazama maneno ya leso yangu. Aliyemsomea maneno yale siku nilipoyaleta nyumbani ni mimi, na tulicheka wote wawili. Sasa hakucheka.

"Nafula," akasema, "kimbia."

Nilikimbia, mwanangu. Wandera akajaza upepo akanipita na baiskeli. Tuliwakuta penye kalavati, maji yanapopita chini ya barabara, karibu nusu ya njia, Achieng amekaa chini, mtoto mapajani, na mtoto amepatwa na degedege. Macho yamegeuka meupe. Mwili wa moto unausikia kabla hujaushika. Nilifungua leso kiunoni, nikaichovya kwenye maji ya kalavati, nikamfunga Awor mwili mzima. Achieng akapanda nyuma ya baiskeli amemkumbatia, Wandera akakanyaga pedali kama anafukuzwa, nami nikawafuata kwa miguu, viatu nimeviacha sijui wapi. Njia yote nilikuwa naomba kitu kimoja tu: Mungu, usimchukue mtoto kwa ajili ya mtama wangu.

Nilipofika kituo cha afya, nesi alikuwa tayari amemlaza, ameshamwekea maji ya kwinini. Alikuwa mama wa upande wa Kenya, Kiswahili chake kimenyooka. Alikuwa amemfungua mtoto ile leso, anaining'iniza dirishani ikauke, akaisoma kwa sauti, hivi hivi, kama mtu anayesoma bango njiani.

"Mlango wangu si njia yako. Haya! Leso ya nani hii?"

Achieng hakunitazama. Akasema, "Ya kwetu."

"Na mbona mmechelewa hivi na mtoto? Huko kwenu hakuna baiskeli?"

"Ilikuwako," Achieng akasema. "Ilikuwa na kazi."

Hapo, mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nimeitwa majina mengi sokoni, nimetukanwa na wateja, nimefukuzwa na askari wa forodha, lakini sijawahi kuona aibu kama ile ya kusitiriwa na mtu niliyemfungia mlango. Machozi yalinitoka mbele ya wagonjwa wote. Nikasema, "Nesi, leso ni yangu. Na baiskeli ni ya kwangu. Haikuwa na kazi yoyote."

Nesi akatutazama wawili, akaelewa. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba wiki hiyo amepokea watoto wengi wa malaria, na mama zao wote walikuja wamechelewa, kila mmoja akidhani ni meno au ni jua, kwa sababu si miezi ya homa. Hata Achieng siku ya kwanza alidhani ni meno. Siku ya pili alijua si meno. Siku hiyo ya pili ndiyo aliyosimama uani kwake akitazama baiskeli yetu.

Tulikaa pale kituoni mpaka kesho yake. Asubuhi Awor akafungua macho, akaona kikombe cha uji mkononi mwangu, akakinyakua. Alimwaga nusu yake juu ya gauni langu. Sijapata kufurahia gauni kuchafuka namna ile.

Tuliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo la matofali na jembe mkononi. Alinionyesha maji. Yalikuwa yamejaa viluwiluwi vya mbu, vinajikunja na kujikunjua.

"Tazama," akaniambia. "Hawa walitoka kwako wakaenda kwa Achieng, hawakugonga. Hawajui kusoma. Aliyesoma leso yako akaitii ni mama wa mtoto peke yake." Akanikabidhi jembe. "Fukia."

Hayo tu. Hakuyarudia tena mpaka anakufa, Mungu amlaze pema. Nilifukia shimo lile siku tatu, na siku ya pili Achieng akaja na jembe lake bila kuitwa. Leso ile sikuichoma wala sikuitupa. Niliikata nikamshonea Awor nepi, na maneno yale yalipata yalichostahili. Kisha nikafungua jozi mpya, mimi nikachukua moja na Achieng nyingine, tukavaa siku moja kwenda kanisani ili watu waone tumepatana, wasituulize maswali. Kuku wake wakafunguliwa. Wanakula mtama wangu mpaka leo, vitukuu vya wale wa zamani, na nikilalamika Achieng ananiambia ananena nao kila siku.

Mwaka ule tulisema ni mwaka wa ajabu, utapita. Sasa nimezeeka, naona kwamba ulikuwa wa kwanza. Mvua inakuja mwezi usio wake, inaondoka mbegu zikiwa ardhini. Joto limepanda, usiku hata blanketi hulihitaji, na mbu amepata mwaka mzima wa kufanya kazi. Redioni wanasema ni mabadiliko ya tabianchi. Juzi mjukuu wangu amejifungua msichana, wakaniuliza tumwite Nafula au Nekesa. Nilitazama nje nikakuna kichwa. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya mahindi yaliyoanikwa.

Nawe usidhani mzee ameshajua kila kitu. Mwezi wa kwanza uliopita nilisikia uchovu na baridi mifupani. Nikajiambia ni jua la shambani. Siku mbili nimejilaza na kiburi changu, mpaka Achieng akamleta binti yake. Ndiye huyo Awor. Sasa ni mama wa watoto wawili, na ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu, ana vipimo vya malaria na vidonge ndani ya begi. Akanitoboa kidole, akasubiri, akanionyesha mistari miwili ya malaria. "Mama Nafula," akasema, "wewe na miezi yako!" Nilicheka mpaka kichwa kikazidi kuuma.

Basi nisikilize, maana ndiyo niliyokuitia. Chandarua usikikunje sandukuni kwa kuhesabu miezi. Mtoto akichemka, usiulize kalenda, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Maji yaliyosimama karibu na nyumba yako, yafukie au yamwage, hata kama ni kiangazi, maana kitakachozaliwa humo kitamfikia jirani kabla yako. Na mwili wako usiufanye barua ya matusi. Najua leso hamvai sana, mnavaa fulana zenye maandishi, mnaweka maneno ya kuchoma kwenye staitasi za simu, halafu mnahesabu nani ameona. Ukimwandikia mtu akae mbali, anaweza kukutii, hata ile siku ambayo ungempa kila kitu asikutii. Ukigombana na jirani, nenda ukasimame mbele yake, mseme, upaze sauti hata kuku wakimbie. Anayekuona uso anaweza kukujibu.

Siku ile Awor aliponipima, aligeuka kwenda zake, nikaona mgongo wa fulana yake ya kazi. Fundi cherehani wa sokoni alikuwa amemshonea maandishi makubwa. Hakuniambia nani alimfundisha maneno hayo, na sikuuliza. Yalisema: GONGA HATA KIANGAZI.

Mungu akupe afya, mwanangu, mvua ikija na isipokuja. Akupe kuku wengi na jirani wa kuwalalamikia. Na siku mwanao atakapochemka, kabla hujamaliza kumfunga mgongoni, akuonyeshe mlango wa kugonga, na awepo mtu ndani.