Sauti Hii Siibadilishi

Filamu yetu ilikuwa fupi, tumeipiga kwa simu kule Kiwengwa. Inamhusu mama mkulima wa mwani anayeshuka pwani peke yake baada ya binti yake kuolewa mbali. Mwenye filamu ni kijana jirani yetu hapa Malindi ya mjini Unguja, mchana anapakua mizigo bandarini. Muziki nimetia mimi. Kazi yangu ni kuchora maharusi hina, skuli niliishia kidato cha pili, na muziki sijausomea popote. Nna kinanda cha kwenye simu basi. Lakini ile sauti ya muziki ya pale mama anapoinuka na tita la mwani kichwani ilinijia yenyewe, nikiwa nakoroga hina. Nilipoisikia juu ya picha nililia. Nikajiona nshafika, filamu zote za Unguja zitanitafuta mimi.

Kabla ya siku ya maonyesho tuliwaonyesha watu wa nyumbani. Shangazi yake mwenye filamu alikaa mbele anatafuna njugu. Sauti yangu haijafika nusu, yeye akaimalizia, kwa Kihindi, na mikono anaichezesha. Akasema hiyo ni nyimbo ya sinema aliyoiangalia ujana wake, mwanamke kasimama kwenye mvua anamngoja mumewe, na siku ile alilia mpaka buibui likarowa. Watu walicheka. Tukaitafuta kwenye simu, tukaipata. Kweli ni ile ile, inapanda pale pale na inashuka pale pale.

Mwenye filamu hakucheka.

"Mimi najisifu kila kitu chetu wenyewe," akaniambia, "kumbe muziki wa kuiba."

Nilimjibu sijaiba, hiyo sinema sijaiona hata kipande. Akaniuliza basi imenifikaje, imepanda boti? Swali hilo ndilo lililonichoma. Akasema isipopatikana sauti nyingine kabla ya Ijumaa ya maonyesho, muziki wangu anautoa.

Nyumbani nikampigia mama yangu sauti ile kwa kinanda cha simu. Hata hakuinua kichwa, aliendelea kuchambua mchele wake. "Si kasida yenu ya chuo cha Kurani hiyo?"

Nilikaa kitako. Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, watoto wa kike tumejipanga kwenye mikeka na vilemba vya kijani, tunamsalia Mtume kwa sauti hiyo hiyo, tunashindana nani ataivuta zaidi. Kumbe akili yangu iliyaacha maneno chuoni ikaja na sauti peke yake.

Nikenda kwa Bi mwalimu wetu wa chuo. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, akanikaribisha kahawa. Nilimuuliza kasida ile kaitia sauti nani. Akajinyoosha. Kaitia yeye mwenyewe, akiwa msichana, anapiga deki kwao. Nikamuuliza kwao kulikuwa wapi.

"Nyuma ya jumba la sinema," akasema. "Lakini baba alikuwa mkali, mimi humo sikupata kutia mguu."

Halafu akakiweka kikombe chini. Nilitamani niliache hapo hapo, nimuage niondoke. Akaniuliza nimejia nini hasa, nami kumdanganya siwezi. Alitaka aisikie hiyo nyimbo ya sinema. Nikamwekea simu sikioni, akafumba macho mpaka ikamalizika.

"Pale sinema walikuwa wakifungua madirisha kwa ajili ya joto," akasema. "Miaka yote najua yangu."

"Na mimi nlijua yangu, Bi."

Akaanza kucheka ndani ya ukaya wake uliomfunika kichwa, mpaka nami nikacheka. Nilimuuliza kama sasa ataacha kuifundisha. Alinitazama kama niliyeuliza upuuzi. "Watoto wameshaishika. Ntawanyang'anya?"

Nilitoka pale kichwa juu. Mwenye filamu nilimkuta amelainika, amepata dawa: niibadilishe kidogo, hapa nipandishe, pale nishushe, hakuna atakayejua.

"Siibadilishi," nikamwambia. "Nikiigusa ili isijulikane, hapo ndipo ntakuwa mwizi."

Nikampa na mengine, maana nilikuwa nimejaa. Nusu ya nyimbo tunazochezea harusini zimetoka kwenye sinema zikavishwa maneno yetu, na hakuna bibi harusi aliyeambiwa ashuke jukwaani. Na huyo aliyeitunga huko Bombei, nani anajua kaisikia kwenye dirisha gani? Ama sauti inabaki na tunaandika mwisho wa filamu ilikopita, ama atoe muziki wangu wote, mama yule ashuke pwani kimya kimya.

Akasema maandishi hayo hakuna atakayeyasoma. Nikamwambia nitayasoma mimi.

Ijumaa baada ya Alasiri ukumbi ulijaa. Nilisimama mbele na karatasi. Nikasoma kwamba sauti watakayoisikia imetoka sinema ya Kihindi, ikapita dirishani kwa msichana aliyekatazwa sinema, ikawa kasida, kisha ikaja kwangu. Mzee mmoja akaguna kuwa tumeishusha kasida kwenye mambo ya mchezo. Kijana nyuma yake akauliza, basi hapo chake yeye kipi? Wengine wakacheka. Sikukaa. Niliwasomea mpaka pale ninaposema kwamba kabla ya sinema ilikuwa kwa nani, sijui, na anayejua aniambie.

Nikakunja karatasi. Nikamwambia mwenye filamu aanzishe, na spika azifungue mpaka mwisho.