Siku Faida Alipojibu Hapana

Ninyi mliosoma shule ya msingi Uvira miaka yetu, kabla ya kila mtoto kuwa na simu ya kutazama chini ya dawati, mtakumbuka harufu ya darasa la asubuhi: ndagala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa ufukweni, jasho letu tuliotoka kuchota maji mto Kalimabenge, na sare za bluu na nyeupe zilizonuka moshi wa pasi ya makaa. Tulikuwa sitini katika chumba kimoja. Benchi la watu watatu tulikaa watano, na wa pembeni aliandika huku nusu ya mwili wake ikining'inia. Mpira wetu ulikuwa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba za mgomba. Mvua ikipiga mabati, mwalimu alinyamaza na sisi tukafurahi. Watoto wa leo umeme ukikatika nusu saa wanasema wanateseka.

Ilikuwa shule ya watoto wasio na pa kwenda: yatima, watoto waliofika mjini na godoro kichwani, na sisi ambao mama zetu waliuza ndagala kando ya barabara. Faida, binti ya baba yangu mdogo, alishushwa kutoka Rurambo, milimani, aje kusoma akikaa kwetu. Siku ile baba yake alisimama mlangoni na fimbo yake ya kuchungia, akasema mbele yetu sote:

"Ukipita mtihani wa la sita, utabaki hapa kwa mama yako mukubwa, uendelee. Ukianguka, unapanda mulima. Ng'ombe ziko zinakungojea."

Faida alicheka. Baba yake hakucheka.

Tulipofika darasa la sita akaja Mademoiselle Klara, msichana wa Ulaya aliyejitolea kufundisha kwa mwaka mmoja. Shingo yake iliiva kwa jua kama nyanya. Alikula sombe, majani yetu ya muhogo, mpaka akaramba vidole, akauliza jina la kila kitu, na hakutupiga. Fimbo ya darasa aliichomeka uani ishike mche wa pilipili. Tulimpenda, sitasema uongo. Direkta wa shule, kwa kumheshimu mgeni, alimpa darasa la mtihani, na Mwalimu Kitoga, aliyekuwa amepeleka watoto kwenye mtihani huo tangu sisi hatujazaliwa, akahamishiwa la pili.

Hakuna aliyeuliza kama Mademoiselle aliwahi kufundisha. Mwenyewe alituambia bila aibu kwamba alisomea historia ya michoro ya ukutani. Nilipompelekea mama habari hiyo, hakuinua hata macho kutoka kwenye sufuria.

"Mutu atoke mbali hivyo na hajui kitu? Weye Amani, maulizo yako ni mengi. Ule ni mugeni wetu. Musimuaibishe."

Na hatukumwaibisha. Kila mwisho wa somo aligeuka kutoka ubaoni, chaki puani, akauliza, "Mmeelewa?" Koo sitini zikajibu ndiyo ya Kifaransa kwa pamoja, "Ouiii, Mademoiselle!" Mliokaa kwenye mabenchi yale mnajua kwamba hilo halikuwa jibu. Lilikuwa kama "Amina" ya misa, unaitikia kwa sababu zamu ya kuitikia imefika. Mwalimu Kitoga naye tulimwitikia hivyo hivyo, lakini yeye hakutuamini hata siku moja. Alinyoosha chaki: "Weye mwenye sauti kubwa, kuja hapa utuonyeshe." Mademoiselle alituamini. Aliandika alama ndogo kwenye daftari lake na kufungua ukurasa mwingine. Ilipofika Pasaka alikuwa amemaliza kitabu kizima cha hesabu, na direkta akamsifu mbele ya wazazi.

Wiki moja baada ya Pasaka aliandika ubaoni theluthi moja kujumlisha robo moja, akafanya hesabu haraka, akageuka. "Mmeelewa?"

"Ouiii, Mademoiselle!"

Na nyuma ya ile Ouiii, kama mtu aliyechelewa kukaa, sauti moja ikasema, "Hapana."

Darasa zima lilicheka. Mmoja akapiga kelele, "Mushamba wa mulima!" Faida akasimama.

"Minye sijaelewa. Na hawa nao hawajaelewa, iko wanakudanganya."

"Tangu lini?" Mademoiselle akauliza.

"Tangu kabla ya Noeli."

Alipita benchi kwa benchi, akimwuliza mmoja mmoja. Aliponifikia nilisema nimeelewa. Akanipa chaki. Mpaka leo naukumbuka ubao ule ulivyokuwa mpana. Mimi niliyeuliza kila kitu nyumbani mpaka mama akachoka, darasani niliitikia na wengine, kisha nikasimama mbele ya wenzangu nikaandika mbili juu ya saba, kosa tupu. Mademoiselle alikaa kwenye kiti chake akalia.

Jioni mama alikuwa ameshasikia. "Faida, umeliza mugeni wa watu."

Faida alikuwa anachambua mawe kwenye mchele. "Mama mukubwa, yeye atarudi kwao kusoma. Na minye nitarudi wapi?"

Mama alivuta sinia la mchele, akachambua naye.

Kesho yake Mademoiselle Klara alivuka uwanja hadi la pili, akazungumza na Mwalimu Kitoga mlangoni muda mrefu. Tangu siku hiyo mzee alikuja kwetu kila alasiri na fungu la ndagala kwenye gazeti. Alizimwaga mezani. "Nipe theluthi. Sasa niongezee robo. Ziko ngapi?" Ukikosea, ulianza tena mpaka samaki walegee mkononi. Mademoiselle alikaa benchi letu, mtu wa sita, akigawa ndagala pamoja na sisi na kucheka alipokosea. Zilikuwa alasiri nzuri kuliko zote nilizopata shuleni. Lakini zilikuwa za wiki sita tu, kisha mtihani ukafika.

Mwaka wake uliisha, akaondoka na picha zetu kabla matokeo hayajatoka. Yalisomwa uwanjani kwa sauti. Jina langu lilisomwa. La Faida halikusomwa, alikosa alama chache. Baba yake aliposhuka hakugomba. Alibeba mwenyewe mzigo wa binti yake, naye Faida akatembea nyuma yake bila kugeuka.

Sasa mgeni ni mimi. Nina shahada ya uchumi na sina kazi, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijitolea kufundisha la sita ng'ambo ya mto Ruzizi, Burundi, kwenye shule ya watoto waliokimbia kutoka kwetu. Ualimu sikuusomea. Hakuna mzazi aliyeniuliza. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Bwegera aliniletea kibaba cha mchele, akanishukuru kwa kutoka mbali. Nami kila siku nimegeuka kutoka ubaoni nikauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu, "Ouiii, Monsieur!" Nimefungua kurasa nyingi kabla ya sauti hiyo kunishtua.

Nilimpigia Faida. Ana watoto watatu na ng'ombe, anauza maziwa.

"Weye mwalimu? Nani alikufunza?"

"Hakuna."

"Basi pole kwa hao watoto!" Alicheka mpaka nikasikia ng'ombe naye akilia. Kisha akasema: "Usiwaulize kama wameelewa, Amani. Hata weye ulimudanganya Mademoiselle. Nunua ndagala."

Jana nilimwaga ndagala arobaini na nane mezani, nikaomba theluthi na robo. Walizitazama ndagala, kisha wakatazamana. Mwisho mmoja akasema, "Monsieur, si tuzipike tu?" Tukacheka wote, kisha tukaanza upya tangu ukurasa wa kwanza.

Watoto hawa wana vitabu vya rangi na taa za jua, na kaka zao wana simu zinazojibu kila swali. Bado wanaitikia kama sisi. Darasa letu la vumbi lilikuwa na mtoto mmoja aliyesema hapana, na tulimcheka. Hapa bado sijamsikia wa kwao.

Mkataba wangu unaisha wiki mbili kabla ya mtihani. Nimemwambia direkta kwamba sitaondoka. Mademoiselle Klara pengine anaukumbuka mwaka wake kwetu kwa furaha, kwa sababu hakuwapo uwanjani majina yalipoisha kusomwa na Faida akaenda kufunga mzigo. Mimi nitakuwapo.