Shanga za Kedir

Huku kwetu Bale, milimani, mwanamume akikuvisha shanga shingoni mbele ya mashahidi, umeshakuwa wake. Uwe umekubali, uwe umelia, haihesabiki. Ukizivua wewe, ukoo wake unasema umewatukana, na baba yako ndiye anayeamka na panga mlangoni. Mimi ujanani shanga zilinipita. Watu husema ni bahati. Nadhani ni hii pua.

Momina, binti wa kaka yangu, hakurithi pua. Alifaulu mtihani akapangiwa chuo kikuu, asomee dawa za mifugo. Habari zikasambaa, na Kedir, yule kijana wa farasi wa kukodisha, akaja kibandani kwangu, akanywa chai yangu, akaniambia mbele ya wenzake:

"Shangazi, huyo mtoto hapandi basi. Atapanda kitanda changu kwanza."

Wenzake wakacheka. Nikamwongezea sukari, maana Kedir hatanii. Kaka yake alisema maneno hayo hayo juu ya binti wa mwalimu. Sasa binti ana watoto, na nikienda dukani kwao nafungiwa chumvi kwa kurasa za kitabu chake cha fizikia.

Toka siku hiyo Momina hakukanyaga nje. Kisimani alienda mama yake. Kulala, alilala na mtandio umezungushwa shingoni mpaka anakohoa.

"Utajinyonga, wewe," nikamwambia.

"Afadhali, shangazi."

Kaka yangu akaanza: "Kwani lazima asome? Aolewe tu, tupate usingizi." Si mtu mbaya. Anaogopa, ila yeye woga wake anauita busara.

Siku ya safari tulitoka alfajiri, mimi na Momina tu, tumejifunika mashuka mazito mpaka machoni. Ukungu ulikuwa wa kukata kwa kisu. Mzigo nikabeba mimi, maana yeye miguu ilikuwa haimtii, na nikamwambia akae nyuma yangu, ashike shuka langu, asiseme neno.

Karibu na mashine ya kusaga tukasikia kwato. Kwenye ukungu huoni farasi, unasikia tu: mara kushoto, mara mbele. Halafu zikanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mkono ukatokea juu yangu, kitu cha baridi kikanishukia shingoni.

"Wangu huyu," Kedir akasema. "Mmeona?"

"Tumeona," wakajibu wenzake.

Nikafunua uso.

Farasi mmoja akapiga chafya. Kedir alikuwa ameona mzigo, akadhani mwenye mzigo ndiye msafiri.

"Kedir, baba," nikasema, sauti sijui niliitoa wapi, "ungenitonya mapema ningepaka siagi nywele, nipendeze."

"Mama, vua hizo."

"Nivue? Nikutukane, mume wangu, mbele ya mashahidi?"

Mmoja wao akacheka, kisha wote. Kicheko hicho kilinitisha kuliko kwato. Kedir akainua mjeledi, macho yake yamenipita, yanamtafuta aliye nyuma yangu. Momina alikuwa hapumui. Lakini shanga zikishakaa shingo moja, mwanamume havishi nyingine mpaka wazee wakae zirudishwe, au aliyezivaa afe. Alijua, na wenzake walikuwa wameshasema wameona.

Tukaanza kutembea. Wakatufuata mpaka stendi, farasi wakinipumulia kisogoni. Sikugeuka. Nilijikojolea kidogo, sitaficha. Momina akapanda basi, mlango ukafungwa, ndipo nikakaa chini pale pale kwenye matope.

Tangu hapo wazee wameniita mara nyingi nirudishe shanga kwa amani. Mara naumwa jino, mara mgongo. Mpaka Momina amalize masomo nitakuwa nimeumwa kila kiungo. Naoga nazo, nalala nazo. Wanawake sokoni wananiita bibi harusi, nami nacheka nao. Nyumbani sicheki. Mbwa wangu nilimkuta amekatwa shingo, amelazwa kizingitini. Na Kedir huja kila siku. Chai hanywi tena. Anasimamisha farasi ng'ambo ya barabara, ananitazama.

Juzi simu ikalia. Momina. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuisikia alipokuwa hapa.

"Shangazi, tunafunga chuo. Nakuja Idi. Mwambie mama anisongee ugali wa shayiri, siagi aijaze pale katikati."

Nikainua macho. Kedir alikuwa ameshuka kwenye farasi, amesogea barabarani, anaitazama simu.

"Usije," nikasema. "Mvua kubwa huku, daraja limeondoka."

"Mbona mama kasema jua linachoma?"

"Mama yako haoni vizuri siku hizi. Idi kula huko huko, mwanangu."

Akauliza taratibu, "Yupo hapo?"

"Nina wateja," nikasema, nikakata.

Kedir akavuka barabara.