Nilimnyima dada yangu moto mpaka njia ya ziwani ikatengenezwa

Wakuu, habari za humu ndani. Mnaotaka kunipa shikamoo, marahaba kwa mkupuo, maana nakaribia miaka mia na hii simu naichapa kwa kidole kimoja.

Nimesoma malalamiko yenu ya vichochoro vyenye matope, nikaona niwape yangu. Hii si chai. Atakayeona ni chai apite tu, simlazimishi.

Ilikuwa wakati wa vita kuu ya pili, Mwingereza ndiye mwenye nchi. Nilikuwa nimeolewa kwenye kijiji cha mawemawe, mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini Mirongo. Maji tulichota ziwani. Njia ya kushuka ilikuwa ya miguu tu, na hiyohiyo ndiyo ilitupeleka mjini.

Mvua zikianza, haikuwa njia tena. Udongo mweusi ule unaonata, halafu ng'ombe wa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, wanapita humohumo kwenda kunywa. Tope lilifika magotini.

Huyo mwanangwa alikuwa shemeji yangu. Alimwoa Kabula, dada yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni mama yetu alipofariki.

Sisi wanawake tulimwendea mara tatu. Kila tukienda, watu wote wameitwa kusawazisha barabara ya gari, eti Bwana Shauri wa serikali atapita. Mara ya tatu akatujibu, "Barabara ndiyo kazi ya serikali. Matope ya wanawake mimi siyajui."

Matope ya wanawake! Wakuu, hadi leo nikikumbuka damu inachemka.

Wiki ileile mama mkwe aliteleza na mtungi, akavunjika mguu. Akabaki kitandani, maji nikawa nachota peke yangu, nina mimba ya miezi saba, ya kwanza. Niliogopa sana. Kila nikishuka, mkono mmoja kwenye mtungi, mwingine tumboni, namwambia mtoto atulie.

Basi wanawake tukakaa, tukaamua. Kwetu, mtu akiikataa kazi ya wote alinyimwa moto. Msije mkadhani ni jambo dogo. Viberiti wakati wa vita vilikuwa adimu, na masika kuni ni mbichi, kwa hiyo nyumba ambayo moto wake umezimika iliomba kaa kwa jirani.

Moto wa mwanangwa ulizimika siku ya pili. Aliyekuja kuomba ni Kabula, na mlango wa kwanza ulikuwa wangu.

Alisimama na kigae mkononi. "Mdogo wangu, nipe moto."

"Dada, leo sikupi."

Moshi unatoka kwenye paa langu wakati nasema hivyo. Akanitazama. "Mimi, Kabula, unaninyima moto?"

"Nakunyima. Mwambie shemeji atengeneze njia."

Akaondoka. Nilikaa chini nikalia, lakini sikumwita arudi. Alizunguka nyumba zote, akarudi kwake na kigae kitupu.

Siku tatu shemeji alitafuna michembe, vile viazi vikavu, pamoja na ubishi wake. Siku ya nne akaamua kwenda mwenyewe mjini, kwenye duka la Mhindi, kutafuta kiberiti.

Sasa mjini anapitia wapi? Humohumo.

Tulikuwa tunapanda na mitungi tukamwona anashuka na kanzu yake ya cheo. Akazama. Akavuta mguu, kiatu kikabaki. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyempa mkono. Tulisimama tu tunamtazama mpaka akajikokota kutoka, akageuka nyumbani bila kufika mjini.

Kesho yake alfajiri ngoma ya kazi ikalia. Wanaume kwa wanawake tulitoka na majembe. Tukachimba mfereji pembeni, tukapanga mawe, ng'ombe wake wakapewa njia yao upande wa pili. Naye shemeji alibeba mawe. Siku mbili, kazi kwisha.

Mwanangu alizaliwa salama.

Jioni kazi ilipoisha nilimpelekea Kabula moto kwa mikono yangu. Akasema, "Weka hapo," wala hakuugusa. Kaa likazimika pale chini, mimi nimesimama. Tuliishi jirani miaka mingi baada ya hapo. Tulisalimiana, tulisaidiana kwenye misiba, njia ile aliipita kila siku. Moto hakuniomba tena mpaka anaingia kaburini.

Funzo nililopata: anayekuzuilia haki yako mara nyingi si mtu wa mbali, ni wa kwenu, na kumkatalia kunauma. Iliniuma na bado inaniuma. Lakini mkinirudisha pale mlangoni leo, nitalia tena na nitamnyima tena.

Haya, mapovu ruksa, nasoma yote polepole. Ila ambaye mwenyekiti wake wa mtaa ni shemeji yake, asianze kwa kunishauri mimi. Atuambie kwanza yeye amemnyima nini.