Anaumwa Kidogo Tu

Somo langu nililipenda kupita kiasi, na hapo ndipo penye kosa. Nafundisha kompyuta na matumizi ya mtandao katika skuli moja ya Mji Mkongwe, watoto wa Kidato cha Kwanza. Simu hawaruhusiwi kuja nazo skuli, lakini nyumbani kila mmoja anayo: ya mama, ya kaka, ya yeyote aliyelala. Wanayoyasoma humo huyaamini yote, na mimi nilijipa kazi ya kuwatia shaka.

Ubaoni huwaandikia maswali matatu: Nani katuma? Kaona mwenyewe? Kwa nini ana haraka? Mfano wangu wa kila mwaka ni jirani yangu, ambaye watu wa WhatsApp walimuua akiwa mzima. Watu walikwenda kwake kutoa mkono wa pole, yeye mwenyewe akawafungulia mlango, kikoi kiunoni, kikombe cha chai mkononi. Watoto hucheka mpaka wakalaza vichwa juu ya madawati, na mimi hupenda wakicheka, siwezi kukataa.

Asubuhi ile, saa tatu, nilikuwa nimeunganisha simu yangu na projekta, nawaonyesha kundi la mtaani kwetu lililojaa dawa za kisukari na nafasi za kazi za uongo. Ujumbe mpya ukaingia mbele ya darasa zima. Inna lillahi. Amefariki fulani, mpishi wa hoteli Kendwa. Maziko leo Nungwi, baada ya sala ya adhuhuri. Mjulishe na mwenzako.

Msichana wa dawati la pili akasimama.

"Huyo baba yangu," akasema.

Kwao ni Nungwi. Mjini alikuwa akikaa na bibi yake mkongwe kwa ajili ya masomo, na bibi huyo simu hana. Mtu mwenye akili zake angezima projekta akamkumbatia yule mtoto. Mimi niliona somo limejiletea mfano lenyewe. Nikamwambia akae, asilie kabla hatujathibitisha, kisha nikaligeukia darasa na maswali yangu matatu. Wakajibu kwa pamoja: hajulikani aliyeanza kutuma, umesambazwa mara nyingi, una haraka. Nikawasifu.

Nikafungua daftari la namba za wazazi, nikapiga ya baba yake, spika nikaiwacha wazi. Iliita sana. Aliyepokea alikuwa ami yake, ndugu wa baba. Nikajitambulisha, nikamwambia kuna habari imetufikia hapa darasani, nayo mtoto kaisoma.

"Mwenyewe yupo hapo?" akauliza.

"Yupo, anakusikia."

Nyuma yake nilisikia sauti za watu wengi. "Baba'ke anaumwa kidogo tu," akasema. "Mwambie naje nyumbani."

Nikakata simu, nikacheka kwa furaha. "Mmeona? Mtu anaumwa kidogo, wao washamzika!" Darasa likapiga makofi. Nikamwambia msichana atakwenda kumtazama baba yake skuli ikitoka. Akasema, "Naam, mwalimu," akaandika maswali yote matatu katika daftari lake.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa sina pa kujificha. Kisiwa kizima hiki, hakuna asiyejua maana ya "anaumwa kidogo tu, njoo nyumbani". Hatumpi mtu habari ya mauti kwa simu. Tunamwita, tunamngoja afike, tunamkalisha, ndipo tunamwambia. Mama yangu mimi alipofariki niliambiwa hajisikii vizuri, nami nililia nikiwa bado natafuta buibui. Nilijua. Maneno hayohayo nikayasikia kwa masikio yangu mbele ya watoto arobaini, nikayapigia makofi. Mganga hajigangi.

Saa sita na nusu mwalimu mwenzangu, mtu wa Nungwi, aliingia ofisini kuchukua kofia yake. Kachelewa maziko, akasema. Nikamuuliza ya nani, na kabla hajamaliza kujibu nilikuwa nishatoka kwenda darasani kumtafuta yule msichana.

Nilikodi gari, nikampeleka mimi mwenyewe. Njia nzima hakuniuliza kwa nini tunakwenda. Tulipofika wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, mchanga bado uko miguuni mwao. Mama yake, pale mkekani alipoketi, alinyanyua uso akamtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

"Ami yake katwambia mwalimu keshapata habari, atamleta," akasema. "Basi tukamngoja. Uso tuliuwacha wazi ili amuone. Wanaume wakaja mara ya kwanza, nkawambia bado. Wakaja mara ya pili, wakasema maiti haicheleweshwi. Ndo tukaufunika."

Kwetu wanawake hawendi makaburini. Kumuaga baba yake kulikuwa ni pale tu, katika chumba kile, na chumba kilikuwa kimeshafagiliwa. Mtoto aliingia akasimama kando ya kitanda kitupu, akaweka mkono juu ya kamba zake. Muda ule wa saa tatu na nusu ulimtosha kufika na kurudi, na mimi niliutumia kumfundisha.

Alirudi skuli baada ya siku kumi. Nilimwita uani, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri, yakaniruka yote, nikabaki nalia mbele ya mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nilimwambia nilimdanganya bila kukusudia, nilimfanya aamini.

Akasubiri nimalize, kwa adabu ileile.

"Mwalimu, mie nlijua," akasema. "Ami aliposema anaumwa kidogo, nlijua."

"Kwa nini hukusema? Mbona hukuondoka?"

Akatazama viatu vyake.

"Wewe ulicheka," akasema. "Nkasema mwalimu hawezi kucheka kama si kweli. Nkataka baba awe mzima, hata mpaka kengele tu."